Mita tatu tu kutoka ardhini

Kuanzia mwezi wa saba, Kibingo huamka kwa sauti ya nyundo. Msimu wa kuchuma robusta unakuwa umefika mbali, buni zimeanikwa uani juu ya maturubai, na wenye mashamba wameanza kupokea malipo kutoka vyama vyao vya msingi. Fedha ya kahawa katika vilima hivi vya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, haikai mfukoni. Kuna ada za shule, kuna deni la duka, na kinachobaki hugeuka mbao, misumari na mabati. Nyumba iliyoishia kwenye lenta tangu mwaka juzi, majani yakiota sebuleni, sasa inapauliwa. Ukipita barabarani asubuhi unawaona mafundi wawili au watatu wamekaa juu ya kenchi, miguu ikining'inia. Mmoja ana misumari mdomoni. Mwingine ananyoosha mkono kupokea bati kutoka kwa kijana aliyesimama kwenye ngazi, na kijana huyo hana mkono hata mmoja uliobaki wa kujishikia, maana bati ni refu na upepo umeanza kulichezea.

Nyumba inayopata paa ni furaha ya ukoo mzima. Majirani wanasimama kutazama, watoto wanaokota misumari iliyodondoka, mama mwenye nyumba yuko jikoni na sufuria ya ndizi na maharage kwa ajili ya mafundi. Kwa furaha hiyo ni vigumu mtu kuuliza lile jukwaa la miti limefungwa na nini, au lile bati la kwanza, ambalo bado lina umande, linateleza kiasi gani chini ya ndala.

Hakuna aliye juu sana. Ukuta wa nyumba ya kawaida kijijini una takriban mita tatu hadi pale kenchi zinapokaa, na kilele cha paa, pale inapopigwa kofia, hufika mita tano hivi. Fundi mwenye miaka kumi ya kazi anapatazama pale chini na haoni cha kuogopa. Wengi wameruka kutoka hapo kwa hiari yao, wakatua kwenye kifusi na kuendelea na kazi.

Lakini kuruka na kuanguka ni mambo mawili tofauti. Anayeruka huchagua pa kutua na hukunja magoti. Anayeanguka kutoka mita tatu hufika ardhini kwa muda usiotimia sekunde moja, akiwa na mwendo wa kilomita 28 hivi kwa saa, sawa na bodaboda iliyoshika mwendo wake. Kutoka mita tano mwendo unafika kilomita 36 kwa saa. Muda huo hautoshi kutamka jina la Mungu, sembuse kugeuza mwili. Mtu anatua vile mwili ulivyojipanga wenyewe: kwa kichwa, kwa kiuno, kwa mkono uliotangulia, au kwa visigino. Na wanaotua kwa visigino hudhaniwa wamepona, kwa sababu wanaongea na wanaona. Baadaye daktari anagundua kwamba nguvu ya kile kishindo ilivunja mfupa wa kisigino, ikapanda juu na kuponda pingili ya mgongo pale mbavu zinapoishia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao 684,000 duniani hufa kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Miongoni mwao wamo wazee walioteleza bafuni na watoto waliodondoka ngazini. Hesabu iliyo karibu zaidi na fundi wa Kibingo inatoka Moshi. Watafiti waliopitia kumbukumbu za Hospitali ya KCMC kati ya mwaka 2010 na 2014 walikuta wagonjwa 288 walioumia uti wa mgongo. Karibu nusu yao waliumia kwa kuanguka, na ajali za barabarani, ambazo kila mtu anazipigia kelele, zilishika nafasi ya pili. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, na wagonjwa wengi walikuwa kati ya miaka 16 na 45. Huo ni umri wa saidia fundi. Ni umri wa kijana anayepandishwa mtini kwa sababu yeye ni mwepesi.

Kuumia uti wa mgongo si kuvunjika mfupa unaofungwa ukaungana. Uti ukikatika, miguu haipokei tena amri. Mtu hasikii haja ndogo inapomjia, na kibofu kisichotolewa mkojo kwa utaratibu huleta maambukizi yanayopanda hadi kwenye figo. Ngozi ya makalio na visigino, ikilaliwa muda mrefu bila mtu kuhisi maumivu, huoza, na hivyo vidonda vya kulalia ndivyo vilivyoongoza kwa madhara katika kumbukumbu zile za Moshi. Ili visitokee, mgonjwa hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Anayemgeuza ni mkewe au mama yake. Shamba la migomba halipaliliwi, mtoto mkubwa anaacha shule kushika jembe, na ile nyumba iliyokuwa ikipauliwa ni ya mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kwa nini watu huanguka. Swali ni kwa nini kuanguka huku hakuna aliyepanga kukuzuia, wakati kila kitu kingine katika nyumba ile kilipangwa: idadi ya matofali, mifuko ya saruji, kilo za misumari, hata kuku wa kuchinja siku ya kumaliza.

Jibu moja limo kwenye kalenda ya kahawa. Mkulima wa huku hupata fedha yake kubwa mara moja kwa mwaka, na mwingine haipati yote. Amekwisha kuuza sehemu ya kahawa ikiwa bado maua, kwa ule mtindo wa butura ambao serikali imeupiga vita kwa miaka mingi, na wakati wa mavuno anapokea mabaki. Kwa mabaki hayo ananunua mabati. Mvua za vuli zinaanza kunusa mwezi wa tisa, na mbao za kenchi hazipendi kunyeshewa. Mwenye nyumba ana haraka. Fundi naye amechukua kazi kwa malipo ya mkupuo: akimaliza kwa siku nne atalipwa sawa na akimaliza kwa siku nane, na kuna nyumba nyingine inamsubiri ng'ambo ya kilima. Kusimamisha jukwaa la kweli kunakula nusu siku ya kwanza, na kulishusha kunakula nusu siku ya mwisho. Hiyo siku moja hakuna aliyeilipia.

Ndipo linapozaliwa jukwaa la haraka. Tulitazame kwa karibu, kwa kuwa hapo ndipo ajali nyingi zinapoandaliwa siku kadhaa kabla ya mtu kuanguka.

Miti yake ni mirunda ya mikaratusi, iliyokatwa wiki ileile, bado ina maji. Inachimbiwa sentimita chache kwenye udongo mwekundu, au inasimamishwa juu ya tofali. Mirunda ya kulala inapigiliwa kwenye ile iliyosimama kwa msumari mmoja wa inchi nne. Mkaratusi mbichi unaposhindiliwa msumari karibu na ncha hupasuka ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mti, na ufa huo hauonekani vizuri siku ya kwanza. Jua la kiangazi likiupiga siku tatu, mti unakauka na kunywea, ule ufa unapanuka, na msumari uliokuwa umeshikwa sawasawa sasa unakaa ndani ya tundu kama kidole ndani ya pete pana. Jukwaa lililombeba fundi Jumatatu si lile analolikanyaga Alhamisi, ingawa kwa macho ni lilelile. Juu yake umewekwa ubao mmoja, au mbao mbili zisizogusana, hazikufungwa, na ncha moja imepita nguzo kwa kiganja cha mkono tu. Fundi akisogea hadi mwisho wa ubao kufikia kona ya ukuta, ncha ya pili inainuka.

Kulirekebisha jukwaa hili hakuhitaji kiwanda. Mirunda ikatwe mapema na ipewe muda wa kukauka, na ule wenye ufa au ulioliwa na mchwa uende jikoni. Kila kiungo kifungwe kwa kamba imara au waya wa kufungia nondo, msumari uwe wa kusaidia tu. Miti ya mshazari ipigwe kutoka chini hadi juu ili fremu isiyumbe. Jukwaa zima lishikizwe kwenye ukuta kupitia nafasi za madirisha. Mbao ziwe tatu au nne zilizobanana, zipite nguzo kwa urefu unaotosha na zifungwe zisiteleze. Na upande wa nje, mita moja juu ya mbao, upite mrunda mmoja wa kulala kama mkingo, na mwingine katikati yake. Mkingo huo ndio unaokosekana karibu kila mahali, na ndio unaofanya kazi kuliko vyote, kwa kuwa haumtaki fundi akumbuke chochote. Akirudi nyuma hatua moja kuangalia kama bati limenyooka, kiuno kinagusa mti, na anasimama.

Ngazi nayo ina hadithi yake. Ngazi nyingi za kijijini hutengenezwa pale pale kwa mabaki ya mbao: miguu miwili, na vipawa vilivyopigiliwa kwa mbele. Uzito wote wa mtu aliyebeba mzigo unaning'inia kwenye misumari miwili kila hatua. Fundi seremala anayejali huchonga kwanza nafasi kwenye mguu wa ngazi, kipawa kikae ndani yake, ndipo apigilie. Hapo mbao inabebwa na mbao. Kisha kuna namna ya kuisimamisha. Ikisimama wima mno, mtu anapinduka nayo nyuma. Ikilala mno, miguu yake inateleza kwenye udongo. Kipimo kinachokubalika duniani kote ni kwamba kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi usogezwe mita moja kutoka ukutani. Asiye na futi anaweza kupima kwa mwili: asimame wima, vidole vya miguu vikigusa mguu wa ngazi, anyooshe mikono mbele usawa wa mabega, viganja vikigusa kipawa sawasawa, ngazi iko mahali pake. Ncha yake ya juu ipite ukuta kwa mita moja ili anayehamia juu awe na cha kushika, na ifungwe. Na bati lisipandishwe na mtu aliye ngazini. Livutwe kwa kamba.

Mwaka 1933, huko San Francisco, Marekani, ulianza ujenzi wa daraja la Golden Gate. Siku hizo wajenzi wa madaraja makubwa walikuwa na hesabu ya kikatili waliyoizoea: kifo kimoja kwa kila dola milioni moja za mradi. Daraja lile lilikuwa la dola milioni 35. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliikataa hesabu hiyo. Aliwalazimisha watu wavae kofia ngumu, na akatandika wavu mkubwa wa kamba chini ya sakafu ya daraja. Wafanyakazi 19 waliteleza, wakaangukia wavuni, wakaokoka. Mfanyakazi mmoja tu alikuwa amekufa hadi Februari 1937. Kisha tarehe 17 ya mwezi huo jukwaa la kufanyia kazi lilikatika, likaangukia wavu na kuuchana, na watu kumi wakafa.

Mambo yote mawili ya daraja lile yanafaa kusikika Kibingo. La kwanza, kinga ilipangwa na mhandisi mkuu mwenyewe kama sehemu ya kazi. La pili, jukwaa bovu halina dawa. Hata ukiwa umevaa mkanda uliofungwa kwenye jukwaa lenyewe, likikatika linaondoka nawe na kila kitu kilicho chini yake.

Neno hili linahitajika kwa sababu siku hizi mkanda wa usalama unatajwa kana kwamba ukishauvaa mambo yamekwisha. Mkanda wa mwili mzima, ule unaopita mabegani na mapajani, ni kifaa kizuri, na bei yake haizidi mabati machache. Lakini una masharti. Kamba yake lazima ifungwe mahali panapoweza kuhimili mvutano wa tani mbili na zaidi, kwa kuwa mtu anayeanguka na kukatishwa ghafla huvuta kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake. Papi iliyopigwa msumari mmoja haifai. Mgomba ulio nyuma ya nyumba haufai, ingawa uko karibu na unaonekana mnene. Ni maji na magamba matupu. Mti mkubwa wenye mizizi, kwa kamba iliyopitishwa juu ya paa kwenda upande wa pili, unafaa. Kisha kuna hesabu ya urefu. Kamba ya mita mbili yenye kifaa cha kupunguza kishindo huhitaji zaidi ya mita tano za nafasi tupu chini ya mahali ilipofungwa kabla haijamsimamisha fundi. Kwenye ukuta wa mita tatu, fundi atakuwa amekwisha fika ardhini, mkanda ukiwa mwilini. Kwenye nyumba fupi, kamba ifupishwe kiasi kwamba aliyevaa hawezi kufika ukingoni kabisa. Imzuie kuanguka, maana kumdaka itashindwa.

Yapo na mengine yanayojulikana lakini hayatamkwi kazini. Asubuhi za huku, kwenye miinuko inayozidi mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, huja na ukungu na umande mzito, na bati jipya lenye umande ni sabuni. Kazi ya juu isubiri jua lipande. Bati la plastiki la kuingizia mwanga halibebi mtu, na likishazeeka kwa jua linapasuka kama kigae. Nyaya za umeme sasa zimefika vijijini, na ngazi ya chuma au bati refu linaloinuliwa karibu na waya wa TANESCO humwangusha mtu kabla hajajua kimempata nini. Na rubisi. Kinywaji hiki cha ndizi kina heshima yake katika sherehe na maongezi ya jioni, lakini glasi ya saa sita mchana inayoletwa na mwenye nyumba mkarimu ni ukarimu uliokosea saa. Ingojee ngazi iteremshwe.

Hatari hii ya juu na chini si ya mafundi wa nyumba peke yao. Kyerwa kunachimbwa madini ya bati tangu enzi za Mwingereza, na shimo la mchimbaji ni urefu uleule uliogeuzwa. Kadhalika shimo la choo lililoachwa wazi usiku mmoja likisubiri mfuniko.

Na kuna miti. Katika shamba la kahawa na migomba la Mnyambo, mwenyeji wa vilima hivi, kuna mparachichi, mfenesi, mwembe, na pembezoni mikaratusi na migrivelia inayopunguzwa matawi ili kuni zipatikane na kahawa ipate jua. Mparachichi hudanganya. Tawi lake nene kama paja, la kijani kibichi, hukatika ghafla bila kulia kwanza. Anayeanguka kutoka hapo mara nyingi ni mtoto aliyetumwa, au kijana anayemchumia mchuuzi aliyeegesha gari barabarani na anataka gunia lijae kabla ya saa nne. Wazee walikuwa na upembo, mti mrefu wenye ndoano nchani. Leo upembo wenye kifuko cha nyavu chini ya ndoano huchuma parachichi bila kulichubua, na tunda lisilochubuka ndilo linalolipiwa vizuri. Hapa usalama na faida vimekaa upande mmoja, na ni vigumu kuona kwa nini kila shamba lisiwe nao.

Wapemba wamefika mbali zaidi katika kulikubali jambo hili. Mkarafuu ni mti mrefu wenye matawi dhaifu, na karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, mtu akiwa kileleni. Kila msimu wapo wanaoanguka. Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, ZSTC, linalonunua karafuu zote za wakulima, limekuwa likiwalipa fidia wachumaji walioanguka mikarafuuni na familia za waliofariki. Fidia hairudishi miguu. Lakini kwa kuilipa, taasisi inayonufaika na zao inatamka hadharani kwamba kuanguka ni sehemu ya gharama ya karafuu, na kwamba gharama hiyo haipaswi kubebwa na aliyeanguka peke yake. Kahawa na parachichi za Kagera bado hazijatamkiwa hivyo.

Tanzania Bara ina sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aandae mahali pa kazi pasipo hatari na ampatie mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001, ndio unaokagua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ulianza kukusanya michango mwezi Julai 2015. Mchango ni wa mwajiri, mfanyakazi hakatwi kitu. Aliyeumia kazini hupata matibabu na malipo ya ulemavu, na akifa wategemezi wake wana pensheni.

Ni sheria nzuri, na zimeokoa familia nyingi mijini na viwandani. Tatizo ni kwamba zinaanza na neno mwajiri. Fundi wa Kibingo ameitwa kwa simu na jirani yake. Hakuna karatasi waliyosaini, hakuna mchango uliopelekwa popote, na huyo jirani mwenyewe ni mkulima asiyejiona mwajiri wa mtu yeyote. Mkaguzi hatafika kwenye kila nyumba inayopauliwa kuanzia Nkwenda hadi Murongo, na si haki kumngojea.

Mahali pa kuanzia papo, hata hivyo, na ni pa umma. Madarasa, zahanati na nyumba za walimu vijijini sasa hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: serikali inaleta fedha, kijiji kinaunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na mafundi ni wa palepale. Kamati hizo huandika kila kitu kinachonunuliwa, hadi bawaba. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinaweza kuamua kwamba makadirio yasiyo na mbao za jukwaa, kamba, mikanda na kofia ngumu hayapitishwi. Mradi ukiisha, vifaa vibaki ofisi ya kijiji, na mwanakijiji anayepaua aviazime kama anavyoazima viti na maturubai ya msiba. Fundi aliyezoea mkingo kwenye darasa ataudai kwenye nyumba ya jirani. Chuo cha ufundi cha VETA Karagwe nacho kinaweza kuwaita mafundi wa mtaani, wale waliojifunza kwa kushika tofali, wakae siku mbili kwenye ngazi na kamba.

Linabaki suala la dakika kumi za kwanza, na hapa makosa yanafanywa na watu wema. Mtu akianguka, wote wanamkimbilia. Mmoja anamwinua akae, mwingine anamletea maji, wa tatu ameshaita bodaboda, na aliyeanguka anabebwa mshikaki, akiwa katikati ya dereva na ndugu anayemshikilia, kichwa kikitikisika kwa kila shimo la barabara. Pingili iliyovunjika bila kukata uti hukata uti hapo, njiani.

Asiinuliwe. Kama anapumua na mahali alipo si pa hatari, aachwe alivyolala, mtu mmoja apige magoti na kukishika kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke. Aulizwe kama anasikia akiguswa vidole vya miguu. Asipewe maji wala chakula, huenda akahitaji upasuaji. Afunikwe kwa kitenge au blanketi. Wakati huohuo mlango ung'olewe, au zile mbao za jukwaa zipigiliwe pamoja. Watu wanne wamgeuze kwa pamoja kwa hesabu ya mmoja, mwili mzima kama gogo moja, ubao uingizwe chini yake, nguo zikunjwe na kuwekwa pande zote za kichwa, afungwe asisogee. Kisha litafutwe gari ambalo ubao huo unaweza kulala. Kulisubiri saa nzima ni afadhali kuliko pikipiki iliyopo tayari. Hospitali ya Nyakahanga iko Karagwe, ya rufaa ya mkoa iko Bukoba, na mwenye kuhitaji upasuaji mkubwa wa mgongo hupelekwa hadi Bugando, Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Ni safari ndefu, na mgonjwa aipande akiwa amelala sawasawa tangu hatua ya kwanza.

Mwenye nyumba unayesoma haya, na mabati yako yako stoo yakisubiri fundi: ongeza kwenye hesabu siku moja ya kujenga jukwaa, na umwambie fundi mapema kwamba umeilipia. Mafundi watafika saa moja asubuhi. Amka kabla yao. Shika kila mrunda kwa mikono miwili uutikise, na ule unaocheza mtu yeyote asiupande mpaka ufungwe upya.